Babu wa Mama Pangoni

Sina subira na mtu anayekatiza somo, na Jumamosi ile aliyekatiza alikuwa mama yangu mzazi.

Kikundi chetu cha kujifunza Biblia hapa Voi kina watu kumi hivi, na bati la ukumbi saa nane mchana linachoma kweli. Mwalimu wetu, mzee aliyestaafu kufundisha historia, alikuwa akieleza kwa nini mfalme akifa Maandiko husema alilala pamoja na baba zake. Akapitisha simu yake tuone picha: pango lililochongwa mwambani, na ndani yake mafuvu na mifupa imekusanywa pembeni.

Simu ilipomfikia Mama, akasimama.

"Wewe mwalimu, nani amekupa ruhusa ya kumpiga babu yangu picha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mama alikuwa ameanza, na yote yakamtoka. Kwetu milimani Taita, mzee wa zamani alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na ya waliomtangulia. Babu yake yumo humo. Hakumwona akiwa hai, ila baba yake alimpeleka pangoni akiwa msichana na kumsimulia habari zake mpaka akampenda. Alipobatizwa akaambiwa pale ni kwa shetani. Miaka zaidi ya sitini hajakanyaga pale, wala hakutuambia sisi watoto wake. Aliogopa kwamba kumpenda yule mzee ni dhambi.

Mwalimu hakucheka.

"Mama, picha hii ni ya nchi ya Yuda, karibu na Yerusalemu. Wachimbaji wa mambo ya kale ndio waliolikuta pango hilo. Maiti ililazwa juu ya jiwe, na nyama ikishaisha, mifupa ilisogezwa ikakaa na ya baba zake."

"Wayahudi hao?"

"Wao wenyewe."

"Watu wa Mungu?"

"Hao hao, Mama. Na kumheshimu mzee si kumwabudu."

Mama akaketi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka jirani yake akamwaga chai, na sisi sote tukamfuata. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia joto. Nimejifunza Maandiko miaka mingi na sikujua mama yangu amebeba mzigo huo.

Jumatatu tukapanda mlima. Alikataa mkono wangu njia nzima, akinisimamisha kila mara kunionyesha shamba la nani lilikuwa wapi, nami nikihema nyuma yake. Pango lenyewe ni dogo, chini ya mwamba, na mafuvu yamepangwa yakitazama nje. Mama aliyaangalia moja moja. Hakukumbuka la babu yake ni lipi.

"Si kitu," akasema. "Wote ni wetu."

Akaweka fimbo chini, akapiga goti polepole.

"Shikamooni."

Kisha akanigeukia. "Na wewe? Wazee huwaamkii?"