Kamera Haifungwi Kama Gunia la Kahawa

Ipo siku moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana ulipokuwa uani ukifunga kamera yako kwenye keria ya baiskeli, ilinirudia yote. Ulikuwa umeinama, mguu mmoja umekanyaga gurudumu, unavuta mpira wa tyubu mpaka mishipa ya shingo imekutoka. Nikakuuliza kama umeridhika. Ukanijibu bila hata kugeuka, "Tulia mzee, imekaza hiyo. Hata ikipinduka haitoki." Nilirudi ndani nikakaa, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa majivuno kuliko wewe.

Unataka kwenda Ikinga, kule Ileje, kupiga picha za ndege wa milimani. Nenda, sikuzuii. Ila keti kwanza unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni.

Ujana wangu wote nilibeba kahawa. Hapa Hasamba, wakati huo, kijana hakuulizwa ana nini, aliulizwa anafungaje mzigo. Tulikata tyubu kuukuu tukapata kamba ndefu, tukaviringisha gunia na keria, tukavuta mpaka mpira ulie. Ukifika kwenye kituo cha kununulia, wenzako walikuja kukutazama, na mmoja wao angelisukuma gunia lako kwa bega. Likitikisika hata kidogo, basi, msimu mzima wewe ni kichekesho chao. Langu halikuwahi kutikisika. Nilikuwa najisikia sana kwa jambo hilo, na sioni aibu kukwambia kwamba nilistahili, maana barabara zile si za mchezo.

Sasa, nilikuwa na shangazi yangu, Naomi, dada mdogo wa baba. Alikaa karibu na Mbozi Mission na kazi yake ilikuwa kupiga picha. Harusi, ubatizo, picha za vitambulisho, zote alikuwa anaitwa yeye. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Alikwenda Tunduma akarudi na lenzi ndefu aliyoipata kwa mfanyabiashara wa ng'ambo, upande wa Zambia, na majirani wakaanza kumcheka kwamba amenunua bomba la maji. Shangazi alikuwa mtu mpole wa sauti, lakini usimguse kwenye lenzi yake. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa kila jioni kama anayemwosha mtoto uso.

Ilitokea hivi. Hapa kwetu kulikuwa na dambo, lile bonde la majani marefu linalotuama maji wakati wa mvua. Kijiji kiliamua kuligawa watu walime. Kona ya juu, ile yenye maji mengi, iliahidiwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Neema, na hakuna aliyemwonea kijicho, maana alikuwa na watoto wadogo na shamba lake lilikuwa limechoka. Tatizo ni kwamba shangazi alisema korongo taji wanatagia kwenye kona hiyohiyo. Unawajua wale, wenye manyoya ya dhahabu kichwani kama taji, wakitua shambani wanatembea kwa madaha mpaka unaona haya kuwafukuza. Watu wakambishia. Wakasema korongo hapa wanapita tu, wanakula, wanaondoka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa haki kabisa, akamwambia, "Dada Naomi, mimi sikatai. Tuletee kitu tukione kabla ya mkutano. Tukishagawa, tumegawa."

Ungesema, si angewapeleka watu wakaone wenyewe. Hapana. Kundi la watu likiingia kwenye majani yale, korongo anaondoka, na pengine harudi tena kwenye mayai. Ilibidi apigwe picha kutoka mbali, kwa ile lenzi ndefu, asijue kama kuna mtu. Tena ilibidi iwe siku hizohizo. Vifaranga vya korongo vikianguliwa havikai kiotani, vinamfuata mama yao kwenye majani, na hapo huna cha kumwonyesha mtu. Kisha filamu ilikuwa inapelekwa mjini kusafishwa, na mkutano ulikuwa umekaribia. Ikiharibika safari ile moja, kona inalimwa na jambo limeisha.

Shangazi akanichagua mimi nimbebee vifaa, kwa sababu ya sifa zangu za kufunga. Yeye nyonga ilikuwa inamsumbua, aliweza kuendesha baiskeli yake polepole bila mzigo. Asubuhi nilifika kwake, na wakati anaaga majirani, mimi nikachukua begi la kamera na lenzi, nikalitia ndani ya gunia, nikalilaza kwenye keria na kulifunga. Mpira ulilia. Nikalipiga kofi, halikutikisika. Nikawa nasubiri kusifiwa.

Barabara ya kokoto unaijua. Sisi wa baiskeli tunasema inatafuna. Tuliitafuna nayo ikatutafuna mpaka kwenye kijito cha kwanza, na hapo shangazi akasema tusimame, anataka kuona begi limekaaje. Nikafungua kwa madaha. Alipoinua lenzi, kitu kidogo kililia ndani ya begi. Akaingiza mkono, akatoa skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Hii imetoka wapi, baba?"

"Labda ilikuwa imelegea tangu nyumbani, shangazi."

"Jana usiku niliikaza mwenyewe." Alikuwa hanikaripii kwa sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe umefunga vizuri sana, na kosa lako ni hapo hapo. Umeifanya kamera na baiskeli kuwa chuma kimoja. Kila jiwe unalolikanyaga, linaipiga yenyewe. Kahawa ukiitikisa kutwa nzima inabaki kahawa. Hii imeshikwa na skrubu, na vioo vyake vikihama kidogo tu, tutafika tupige picha za ukungu."

Nilikasirika, nikwambie ukweli. Kijana aliyesifiwa kwenye kituo chote cha kahawa anaambiwa kufunga kwake ndiko kubaya. Nikamuuliza kwa jeuri, "Kwa hiyo niibebe kichwani?"

"Mgongoni," akasema. Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya gauni.

Niliona mzaha. Hakuwa na mzaha. Kwanza aliirudisha ile skrubu kwa ncha ya kisu, akachungulia kupitia lenzi akielekea kilima cha mbali, akachungulia tena. Kisha akasema bado inaona vizuri. Hapo ndipo akili ilinirudi, maana nilimwona akiikagua mara ya tatu.

Akaitenganisha lenzi na kamera, kila moja akaifunika mdomo na kitako kwa vifuniko vyake. Akazizungushia masweta yetu, moja moja, zisigusane. Akazitia kwenye begi, begi akaliingiza kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Mguu wa kamera, stendi ya chuma ya miguu mitatu iliyokuwa ndani ya lile gunia, akaniambia niufunge kwenye bomba la fremu ya baiskeli, na nikaze nitakavyo. "Huo ni chuma, utavumilia. Chuma usikiweke mgongoni, ukianguka kitakuvunja uti wa mgongo." Halafu akanigeuza, akanitwisha begi, akanifunga kwa kitenge, fundo moja juu ya kifua na jingine tumboni, kama wanavyofungwa watoto wa nchi hii wote. "Mwili wako ndio springi," akasema. "Kwenye mashimo, nyanyuka kwenye kiti, magoti yachukue mshtuko."

Mwanangu, mimi, mwanaume mzima, na mbeleko ya maua mekundu. Niliomba tupite njia ya pembeni. Haikuwepo. Na kwa bahati yangu mbaya, mbele kidogo tukawakuta wenzangu wa kahawa wamepumzika, baiskeli zimeegemea magunia yao. Walinitazama kuanzia mbeleko mpaka magurudumu. Kisha mmoja akauliza kwa adabu zote, "Kaka, hongera. Wa kike au wa kiume?"

Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi, nyuma yangu, akajibu bila kusimama, "Wa kike, na amelala. Msimwamshe." Walicheka mpaka tukapinda kona tukiwa bado tunawasikia. Masikio yaliniwaka njia nzima, na nikaapa nikifika nakifungua kile kitenge na kukitupa mtoni.

Mvua ikaja. Ile ya kwetu, haikuombi ruhusa. Udongo mwekundu ukageuka sabuni, na kwenye mteremko wa kuingia kwenye bonde breki zangu zikateleza kwenye rimu iliyolowa. Gurudumu la mbele likateleza. Baiskeli ilikwenda kulia, mimi nikaenda mbele, nikatua kwa viganja na magoti, mgongo juu. Sikufikiri. Mtu mwenye kitu laini mgongoni mwili wake unajua wenyewe uangukie wapi, nimewaona mama zetu wakianguka hivyo njia ya kisimani na mtoto hata haamki. Viganja vilichunika, goti likavuja damu. Shangazi akashuka kwenye baiskeli yake akichechemea, uso umemsawijika.

"Mtoto mzima?"

"Yupi, shangazi? Mimi au huyu?"

Akanitazama nilivyolowa matope na kitenge chake, akaanza kucheka, na mimi nikashindwa kununa. Tulicheka pale kwenye mvua kama watu waliorukwa na akili. Lakini nilipokwenda kuinua baiskeli, kicheko kilinikata. Ilikuwa imelala juu ya jiwe, na keria ilikuwa imepinda ndani, palepale nilipokuwa nimelilaza begi asubuhi. Shangazi alikuja akasimama kando yangu, akaitazama ile keria, kisha akalikaza fundo la kitenge kifuani pangu. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kama angenikaripia.

Mvua ilikatika. Tuliacha baiskeli mbali, tukasogea kwa magoti mpaka kwenye kichuguu, tukafungua begi. Kavu. Akaunganisha lenzi, akaisimamisha juu ya ile miguu mitatu, akaanza kutafuta. Tulikaa muda mrefu. Kisha akanishika bega na kunisogeza nitazame mimi kwanza. Korongo alikuwa amesimama juu ya kiota cha majani katikati ya maji. Akainama, akayageuza mayai kwa mdomo, moja, kisha jingine, taratibu, akajishusha juu yake na kutulia. Niliviona hadi vitone vya mvua kwenye lile taji. Nilifurahi mpaka nikasahau magoti yangu. Nilikuwa nimepita kando ya dambo lile tangu utoto na sikuwa nimewahi kuona kitu.

Siku ya mkutano picha zilikuwa zimesafishwa. Mwenyekiti alizitazama, akazipitisha. Zilipita mikononi mwa wazee, wengine wakatikisa kichwa, mmoja akauliza kama kweli ni hapa kwetu au ni za kwenye kitabu. Mzee mwingine akaonyesha mti uliokatika kilele, unaoonekana nyuma ya kiota, kila mtu akaujua. Mwisho zikamfikia Mama Neema, ambaye kona ile ilikuwa yake. Aliiweka picha moja mapajani, ile ambayo korongo amejishusha juu ya mayai, akaifuta kwa kidole kana kwamba ina vumbi.

"Huyu amelalia," akasema. "Mimi nami nimelala na wanangu chini ya paa linalovuja, najua anavyosikia. Siwezi kupiga jembe hapo. Nitafutieni pengine."

Walimtafutia, mwanangu. Ukingo wa chini, penye udongo mzuri kuliko ule wa kona, na watu wa kijiji wakamlimia msimu wa kwanza. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Kona ya juu iliachwa, na mpaka leo mvua zikianza unawasikia korongo alfajiri kabla hujatoka kitandani. Hukuwahi kuniuliza kwa nini pale hapalimwi. Ni kwa sababu picha ile ilionekana vizuri, na ilionekana vizuri kwa sababu mtu mmoja alisimamisha safari kwenye kijito na kunifundisha kubeba.

Kwa hiyo nakwambia wazi. Usiifunge kamera kwenye keria, hata ukaze vipi, na hasa ukikaza. Usiitundike kwenye usukani ikapiga fremu, wala shingoni ikabembea. Itenganishe na lenzi, ifunike, iviringishe kwenye nguo zako laini, itie kwenye nailoni, kisha ivae mgongoni ibane lakini isikusonge. Vyuma vifunge kwenye fremu. Mteremko ukiwa na matope, shuka ukokote. Hakuna ndege atakayekudharau kwa kufika umechelewa. Simama mapema ufungue begi uangalie, usingoje kufika. Na kama kuna vijana watakaokucheka njiani, waache wacheke, wewe unajua umebeba nini. Kila kitu kina namna yake ya kubebwa, na mtu aliyezoea mzigo mmoja lazima aulize upya anapopewa mwingine. Kuuliza huko hakukupunguzii chochote.

Nenda sasa kaifungue ile mipira kabla jua halijapanda. Mungu akutangulie katika vilima vya Ileje, akupe breki zinazoshika, mvua inayosubiri, na watu wema kila utakapoomba maji. Akupe jicho la kuona kilichokuwepo siku zote. Na urudi mzima, mwanangu. Hata ukirudi bila picha, mimi nitakuwa nimesimama pale nje nakungoja.