Mashua Niliyoikataa Msanga Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini Mtwara nilikabidhiwa nyundo, kisu cha kukunja na pikipiki isiyo na breki ya nyuma. Bwana Samaki wa Mkoa, mkubwa wangu, hakunikaribisha hata kiti.

"Wewe si umetoka Ukerewe?" aliuliza. "Basi vyombo vya majini unavijua. Nenda."

Nikaenda. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nina miaka ishirini na mitatu, na kukaa kitako kulikuwa kunaniwasha.

Ninyi mnaosomea uvuvi leo mnaletewa maboti mapya na karatasi zake. Sisi tulinunua mitumba. Ushirika wa wavuvi ukitaka chombo, wanachama walichangishana, serikali ikaongeza kidogo, kisha Bwana Samaki Msaidizi, yaani mimi, akakagua na kutia saini. Bila saini hakuna hundi. Chombo kipya hakuna aliyekiwaza, kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa kuchagua kilichochakaa vizuri.

Kwetu ziwani adui wa mbao ni mvua. Maji yakituama ndani ya mashua huozesha mataruma, zile mbavu zake, na uozo huanzia juu. Basi niligonga mbavu kwa nyundo nikisikiliza: mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Nikachokoa kwa kisu kuona kama kalafati, pamba inayoziba maungio ya mbao, bado imeshika. Chini ya mashua, panapokaa majini, nilipapasa tu. Hakuna aliyenifundisha zaidi, wala mimi sikuuliza.

Wavuvi kumi na mmoja wa Msimbati walikuja ofisini wakiongozwa na Nahodha Mshamu, Mmakonde mfupi mwenye sauti ya chini. Mashua yao ilikuwa imepasukia mwambani. Tangu hapo walivua kwa miguu, maji yakiwafika kiunoni, na nyumbani watoto walikula mhogo mkavu bila kitoweo. Fedha yao ilitosha mashua moja, tena mara moja tu. Za bei hiyo tulizipata mbili. Ya kwanza ilikuwa Mikindani, ya kijani, laini, ukiiona unaipenda. Ya pili ilikuwa Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari, kizee chenye viraka, nayo chini ilikuwa nyeusi tii kuanzia mkuku, ule uti wake wa mgongo, hadi usawa wa maji.

Niliinama nikaipapasa ile ya Msanga Mkuu. Vidole vikatoka na masizi.

"Hii imewahi kuungua," nikasema.

Wavuvi wakatazamana. Nahodha Mshamu akakohoa. "Imepigwa moto, Bwana Samaki. Moto wa makuti."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Mbao iliyopigwa moto ina nguvu gani?"

"Nguvu inayo, bwana. Sisi huku..." Akasita, akalitazama faili kwapani mwangu. "Lakini wewe ndiye mtaalamu. Ukisema, tumesikia."

Nilirudi ofisini mbio, maana mwaka wa serikali ulikuwa unakwisha na fedha isiyotumika ingerudishwa. Mkubwa hakuinua kichwa.

"Ipi?"

"Ya kijani, mzee."

"Tia saini hapa."

Nikatia. Tangu saa ile sikutulia. Nilikwenda Mikindani mara mbili kuigonga tena kabla hawajaichukua, nayo ikalia vizuri kila nilipogonga. Nilikula nimesimama, nikagombana na karani wetu kwa sababu ya kalamu. Lile "sisi huku" la nahodha lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini kumrudia na kumwuliza alitaka kusema nini, niliona aibu. Mwenye cheti anamwuliza asiye na cheti?

Mwezi wa tatu tangu waichukue nikashindwa kujizuia, nikapanda pikipiki hadi Msimbati. Niliikuta mashua imelazwa ubavu mchangani, na wavuvi wameshika makuti yanayowaka, wanapitisha moto chini yake.

"Mnafanya nini? Mtaiunguza!"

 Nahodha Mshamu aliomba kisu changu, akakisukuma kwenye ubao wa chini. Kikazama hadi mpini, kama kinaingia kwenye mkate. Kisha akaubandua ule ubao. Nje ulikuwa mzima na rangi yake ya kijani. Ndani ulikuwa vijia vitupu, vimejaa wadudu weupe, laini.

Ndipo nikafundishwa kazi. Kwenye maji ya chumvi kuna mdudu anayeingia ndani ya mbao akiwa mdogo sana, kwa tundu la ncha ya sindano, akakulia humo na kula toka ndani. Dawa yake ni moto wa makuti kila baada ya miezi michache, kisha deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Chini nyeusi maana yake mwenye chombo alikitunza. Ziwani kwetu mdudu huyo hayupo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaumia.

"Ulijua?" nilimwuliza nahodha.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?" Nilipaza sauti, kana kwamba kosa ni lake.

"Nilianza, mwanangu. Tungekubishia, ungefunga faili, na hela ya serikali ingeondoka nalo. Tukasema, labda moto utamuwahi mdudu. Haujamuwahi."

Ile ya Msanga Mkuu ilikuwa imekwisha kununuliwa na watu wengine. Mkubwa wangu alinishauri niandike katika ripoti kwamba mashua ya Msimbati imevunjwa na dhoruba. Niliandika kwamba nimekosea mimi, nikahamishiwa Kilwa, kisha Lindi, hadi miaka ya sabini niliporudishwa Mtwara. Huko kote sikukagua chombo kabla sijamwuliza atakayekipanda, na nikauma ulimi mpaka amalize.

Sasa nimestaafu, nakaa Naliendele, na bado siwezi kumaliza kikombe cha chai nimekaa. Wavuvi wa Msimbati hawakupata mashua nyingine. Nahodha Mshamu alivua kwa miguu hadi alipofariki. Kila tulipokutana sokoni alivua kofia, akaniita Bwana Samaki, akaniulizia watoto wangu. Nilitamani anitukane, hata siku moja.