Nilivyokwenda kwa Daktari wa Mkojo kwa Jina la Salvatori

Aibu hii siwezi tena kuificha, maana hata pale mtaani kwetu Mwanga, nikiingia kibanda cha kahawa, kuna anayeniuliza, "Baba wa watoto saba, hawajambo nyumbani?" na watu wote wanacheka, basi bora mkisikie kisa kwangu mimi mwenyewe kuliko kwa hao wanaokiongezea chumvi.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, nikaacha shule darasa la sita, nikakalia cherehani na kuwalea wadogo zangu wanne, wa mwisho akiwa Editha. Sikuoa (nani angekubali kuingia nyumba yenye midomo minne tayari?). Kwa hiyo mwaka ule Editha alipoposwa na Onesmo, kijana wa Kirundi aliyekimbilia kwetu na mama yake, mimi ndiye niliyekaa kiti cha baba. Mama Onesmo akaniuliza mbele ya watu, "Bwana Zabroni, wewe una familia?" Nikajibu kifua mbele, "Familia yangu ni hawa. Sina mke, sina mtoto hata wa kusingiziwa." Akaridhika, ila akasema kuna kitu kimoja asichokivumilia: uongo. Binti yake mkubwa aliolewa kwenye nyumba ya waongo, akarudi na mtoto mgongoni. Jibu lao tukaambiwa tulisubiri hadi Jumapili.

Sasa wakati huohuo mkojo ukanigomea. Naingia chooni, nasimama kama nguzo ya umeme, yanatoka matone mawili, yanakata, halafu yanakuja maumivu ya kunifanya nishike ukuta. Mganga wa zahanati akaniambia nimwone daktari bingwa wa njia ya mkojo upesi, la sivyo figo zitaharibika. Mabingwa walikuwa wawili: mmoja huja hospitali ya mjini kila mwezi, na wazee wa Ujiji aliowatibu walimsifu kwamba anakueleza kila kitu kabla hajakugusa, mwingine alikuwa amekuja kambini kwa wakimbizi wiki ile. Nikamwacha huyo anayesifiwa, kwa sababu mwandikishaji wa pale ni jirani yangu, mama ambaye kuku wangu akitaga yeye anajua kabla yangu. Sikuuliza nani ana ujuzi. Niliuliza wapi hawanijui.

Nikidhani kambini wanatibiwa wakimbizi tu, nikaazima kadi ya mgawo wa chakula ya rafiki yangu Salvatori, mkimbizi. "Haina picha," aliniambia, "na Kiha chako kitapita kwa Kirundi. Wewe usiongee sana."

Nikaendesha baiskeli mpaka Kidahwe (mwenye ugonjwa kama wangu anajua tandiko la baiskeli ni adhabu gani), nikadandia lori la kuni, nikafika kambini na kupanga foleni. Zamu yangu ikafika, nikaingia kwenye hema. Daktari, mzee mpole asiyesikia vizuri, akasoma kadi. "Salvatori. Mrundi. Fungua mkanda, bwana. Niitieni mkalimani."

Nilitaka kusema Kiswahili nakijua, lakini Salvatori hakijui! Pazia likafunguka, akaingia Mama Onesmo.

Nilijua anafanya kazi kambini, ila nilidhani anagawa unga. Kwetu sisi, mkwe akikukuta unakula tu, unaweka tonge chini. Mimi hapo nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Akanitazama, akaitazama kadi, akakaa. "Amahoro, Salvatori," akanisalimu kwa Kirundi.

"Amahoro," nikajibu, huku navuta suruali juu.

Daktari anauliza, yeye anatafsiri huku macho yake yakiwa kwenye paa la hema, nami najibu kwa Kiha, naye anarudisha kwa Kiswahili kwa sauti kubwa ili mzee asikie, na foleni nzima iko nyuma ya turubai.

"Anasema mkojo unatoka matone, halafu unakata!"

"Pole, ndugu!" sauti ikajibu kutoka nje.

"Anasema baiskeli haikaliki!"

"Aiuze!"

Kisha daktari akasema, "Kadi inaonyesha ana mke na watoto saba. Muulize kama bado anataka wengine, nijue nimtibu vipi."

Kwa mara ya kwanza Mama Onesmo akanitazama usoni. Akauliza polepole, "Salvatori, una mke na watoto saba?"

Nikisema ndiyo, Editha hana ndoa. Nikisema hapana, natoka bila matibabu, na Salvatori pengine ananyang'anywa kadi inayolisha watoto saba wa kweli. Jasho likanitoka mahali ambapo mkojo ulikataa. Mwishowe nikasema kwa Kiswahili, "Daktari, mimi ni Zabroni, fundi cherehani wa Mwanga. Sijaoa. Kadi ni ya mwenzangu, kosa ni langu."

Nje foleni ikalipuka kwa kicheko.

"Ulikuwa unamkimbia nani?" daktari akashangaa. "Wenyeji tunawatibu hapahapa kwa majina yao. Meza yenu ile pale, wala haina foleni! Kadi irudishe kwa mwenyewe leo hii."

Mama Onesmo akatoka, nikapimwa. Ni jiwe kwenye kibofu. Na wa kulitoa? "Mwenzangu wa mjini," mzee akasema. "Vifaa anavyo yeye, na kwa mawe ana mkono mzuri kuliko wangu."

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Mama Onesmo alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ungesema ndiyo, leo hii ningemwambia Onesmo atafute kwingine."

"Nilikaribia kusema."

"Niliona. Editha anajua unaumwa?"

"Hajui."

"Basi jibu letu la Jumapili lichukue sasa hivi: tumekubali, ila umwambie leo. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi nikitafsiri siachi neno."

Nikamwambia jioni ileile. Editha alilia, akacheka, akanipeleka mjini mwenyewe na kulitaja jina langu pamoja na ugonjwa mbele ya yule jirani bila kupunguza sauti. Jiwe likatolewa, harusi ikafanyika. Tangu hapo nimeapa: nikitafuta daktari nitauliza amewatibu wangapi wenye shida kama yangu na kama atanieleza nikaelewa, atakayenifahamu pale mlangoni, na anifahamu tu.