Rangi Mbili za Inzi Weupe

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nimewahi kusimama ndani ya duka la dawa pale Msimbazi, mchana kweupe, nikimweleza mama mkwe mtarajiwa habari za matumbo ya inzi, nusu ya Kariakoo ikisikiliza, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuzama.

Miaka ile ya ruksa (biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yamechipua kila kona, kila mtu ni daktari wa nafsi yake) nilikuwa nikifanya utafiti wa magonjwa ya nyanya. Kuna ugonjwa wakulima wanauita rasta, majani yanajikunja na mche unadumaa, na anayesambaza virusi vyake ni inzi mweupe, kadudu kadogo kuliko punje ya ufuta. Nifuateni taratibu, si jambo gumu. Inzi huyu hunyonya utomvu wa jani, na utomvu una sukari tele lakini lishe haba, kwa hiyo mwilini mwake wanaishi bakteria wanaomtengenezea kile kinachokosekana, na bakteria hao kawarithi kwa mama yake. Nikajiuliza: nikiwaua bakteria, je, inzi atanyonya kama kawaida? Na virusi, atavisambaza kama kawaida? Ilihitajika dawa ya kuua bakteria. Kazini wakaniambia nisubiri iagizwe, mimi nikasema nisubiri nini wakati Kariakoo ipo?

Hapo ndipo nilipojiharibia.

Dawa yenyewe ni vile vidonge vya rangi mbili, na watu wa rika langu mnajua, kijana akionekana ananunua rangi mbili hakuna aliyedhani ana mafua. Watu walijua ni ugonjwa wa zinaa, na walijua kaupata kwa kutotulia.

Nikaingia kwa Dilip, mwenye duka, njiani kwenda kazini, nimekumbatia chupa yenye mche wa nyanya na inzi wangu, mdomo wa chupa umefungwa kipande cha chandarua. Nikanong'ona ninachotaka na kiasi ninachotaka.

"Rangi mbili?" Dilip akapaza sauti kama anauza mnadani. "Zote hizo? Kaka, unatibu timu nzima?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikageuka, na nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Zuhura.

Zuhura ndiye niliyemposa, na Jumapili iliyokuwa ikija wazee wangu walikuwa waende kwao Ilala kuchukua jibu.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka. Mtu mwenye akili angelipa, angeondoka. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja usio na kidonge: siwezi kuacha jambo halijaeleweka.

"Mama, hizi si zangu," nikasema. "Ni za inzi."

"Za nani?"

"Inzi weupe, mama. Wana bakteria mwilini, nataka kuwaua hao bakteria nione kama watapunguza kunyonya. Si kosa lao, wamerithi kwa mama zao."

"Kumbe ni ya ukoo!" akadakia muuza soksi mlangoni. "Mwonee huruma, mama!"

"Wewe nyamaza," nikamwambia, jasho linanitoka. "Mama, ngoja nikuonyeshe."

Nikafungua chandarua. (Najua. Msiniambie, najua.) Juu yetu pangaboi lilikuwa likizunguka kwa nguvu zake zote, na inzi wangu niliowalea kwa majuma mazima wakainuka kama majivu yaliyopulizwa, wakazunguka duka, kisha wakatua, karibu wote, kwenye buibui jeusi la Mama Zuhura.

Akajitazama. Akanitazama.

"Sasa umeniambukiza na mimi," akasema, akatoka huku akijikung'uta.

Dilip akasogeza kifurushi mbele yangu, kwa upole kabisa. "Bado unazitaka?"

Jumapili wazee wangu walikwenda wakarudi wamenywea: nyumba ile inaomba muda wa kufikiri. Nilijua wanachofikiri. Siku ya pili Zuhura akaja, hakukaa hata kwenye kiti, akasema, "Nieleze." Nikamweleza yote, utomvu, bakteria, virusi, nikachora na inzi kwenye gazeti. Akasikiliza hadi mwisho.

"Wewe ungemwambia mama unafuga," akasema. "Basi."

"Lakini sifugi, natafiti..."

"Unaona?"

Akaenda akamwambia mama yake kwamba nina mifugo, midogo, na mifugo yangu iliumwa. Hakuongeza neno. Nilimuuliza kama mama hakutaka kujua ni mifugo gani. Akanijibu, "Watu hawaulizi kama wewe unavyojibu." Jumapili iliyofuata posa ikakubaliwa.

Tangu siku ile, nikiulizwa dukani dawa ni ya nani, nasema ni yangu, naumwa sana, nipe niondoke. Na kila Idi tukienda Ilala namwamkia mama mkwe, naye huniitikia vizuri: "Marahaba, mwanangu. Na mifugo yako ilipona?"

Mifugo haikukusudiwa ipone! Ilikusudiwa ishindwe kunyonya, ndiyo maana ya utafiti wenyewe, na ningeweza kumweleza kwa dakika chache tu. Zuhura hunikanyaga mguu chini ya meza.

"Ilipona, mama," nasema.