Kisanduku cha Anwani

Mkuu wa kitengo alipoleta kompyuta kliniki, aliifunika kitambaa cheupe kama bibi harusi, akakusanya watu wote, hata mfagiaji.

"Taabu ya ripoti imekwisha," akatangaza. "Unabofya, inajiandika. Nyinyi mnakaa tu."

Mtaalamu wa matamshi, ambaye watoto walimwita Shangazi Sauti, alifurahi kweli. Miaka yote aliandika kwa mkono hadi vidole vinakufa ganzi, huku wagonjwa wakisinzia kwenye benchi. Sasa jina, umri na tarehe vilijipanga vyenyewe. Heko kwa wenye akili!

Kisha akafika kwa mtoto wa miaka saba mwenye kigugumizi. Shule ilisema itampokea au itamkataa kwa kutegemea ripoti hiyo. Kompyuta ikauliza usemi wake ukoje: vizuri, wastani au vibaya?

"Bofya 'vibaya', twende," mkuu akaamuru.

"Bosi, huyu akiharakishwa anakwama. Akisubiriwa, anasimulia mpaka unachoka wewe. Hilo nalibofya wapi?"

"Kama halina kitufe, halipo."

Hoja nzito hiyo. Mtoto mzima kafutika kwa kukosa kitufe.

"Dada yangu," mama mtu akanong'ona, "wakisoma 'vibaya' watanirudisha naye nyumbani, kama ile shule ya kwanza."

Shangazi Sauti akaikagua programu juu hadi chini. Chombo hicho cha ajabu kiliruhusu maneno huru mahali pamoja tu: anwani ya mgonjwa. Basi akabofya 'wastani' ili mashine inyamaze, na kwenye anwani akaandika: "Msubirini Amalize, Msimkate Kauli, Ana Mengi ya Kusema."

Wiki iliyofuata jibu likaja. Karani wa shule, mtiifu kwa mashine kama mkuu wetu, alikuwa amenakili anwani yote juu ya bahasha. Tarishi, asiyejua mtaa wenye jina refu hivyo, akaipeleka kliniki iliyotoa ripoti. Mama akaitwa, akaja na mwanawe, akaifungua: mtoto aanze Jumatatu, na mwalimu wake ameshaelezwa namna ya kumsikiliza.

"Mama," mtoto akaruka, "nitapata k-k-ki..."

"Kitabu!" mkuu akamalizia, akijivunia msaada wake.

Mama akamnyooshea bahasha. "Soma anwani, bosi wangu."

Mkuu akasoma. Akafunga mdomo.

Mtoto akavuta pumzi. "Kiti cha mbele."