Jina Linalotokea Kwenye Simu

Mafundi wa gereji za Gikondo hawanawi mikono kabla ya kulipa. Wanabonyeza simu kwa kidole kidogo cha mwisho, ndicho pekee kisicho na oili, na kabla ya kuweka namba ya siri wanasoma kwa sauti jina lililotokea kwenye kioo. Mmoja wao aliwahi kukosea tarakimu moja, pesa yake ya maziwa ikamwendea msusi wa Kagarama ambaye hawajawahi kuonana naye. Tangu siku hiyo gereji nzima inasoma majina kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Kwenye duka letu la maziwa jina lililotokea lilikuwa la baba. Siku ya kusajili namba ya malipo mama alikuwa na sufuria motoni. Maziwa ukiyaacha yanafurika, baba ukimwacha hafuriki, basi akatumwa yeye akapange foleni na kitambulisho chake. Lakini duka lilikuwa la mama. Baba alikuwa fundi cherehani aliyebanwa pembeni ya friji na mashine yake, na vikombe aliviosha pale tu mama alipomkazia macho.

Fundi akisoma jina, baba alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye suruali ya mtu.

"Nipo."

Fundi anaweka namba ya siri, simu ya dukani inalia, imekwisha. Sijui mtu mwingine aliyeitwa mara nyingi hivyo kwa siku moja. Watakatifu labda, na wao hawajibu.

Baba alifariki Jumanne moja ya mvua, mimi nikiwa kwenye mtihani wa kemia. Nilipata alama thelathini na sita, na mwalimu akaniongezea nne za pole. Niliwaambia rafiki zangu kwamba hizo nne ndizo urithi wangu. Walicheka kidogo, kisha wakaniangalia kama mgonjwa. Mimi sikuhisi kitu. Nilikula wali wa msibani sahani mbili.

Tulipofungua duka tena, fundi wa kwanza alichukua simu yake akasoma jina zima kwa sauti, kwa mazoea. Halafu akakumbuka. Wote wakatumbukiza macho kwenye vikombe.

"Ni yeye," mama akasema, akifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Weka."

Ikawa hivyo kila siku. Wanasoma, mama anasema ni yeye, wanaweka.

Kisha akaja kijana wa mtandao wa simu, yule anayezunguka madukani na kizibao cha njano. Alimwambia mama kwa adabu kwamba laini ya marehemu haiwezi kuendelea. Asipoihamishia kwenye jina lake, mwisho wa mwezi namba inafungwa.

"Ni cheti cha kifo na kitambulisho chako tu, mama. Nusu saa."

"Kesho," mama akasema.

Cheti kilikuwa kwenye droo, chini ya vijiko. Kesho hiyo ikafika wiki mbili. Mafundi hawatembei na noti, zinaloa oili, na ng'ambo ya barabara kuna duka lingine la maziwa lenye namba yake ukutani kubwa kama mlango. Nikamwambia mama watahamia kule.

"Najua."

"Mama, hiyo kesho yako ina mimba ya miezi mingapi?"

Siku nyingine ningekula mwiko wa kichwa. Alinipa kikombe nikaoshe.

Wiki ile nikapata mafua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba, daftari juu ya mashine yake, sauti imekwaruza kama ya mwanaume. Fundi mzee akamaliza maziwa yake, akatoa simu, akasoma jina.

"Nipo," nikasema, bila kuinua uso.

Ulikuwa utani. Lakini ilitoka sauti ya baba mwenyewe, hata kule kuvuta pumzi mwishoni. Kidole kidogo cha mzee kikabaki hewani. Kijana wa pembeni akaanza kucheka, akaacha. Nikasubiri aibu inijie, au machozi, nikasubiri sana. Kilichokuja ni kamasi.

Mama akazima jiko. Aliniangalia kama mtu anayeikagua noti kwenye mwanga.

"Kesho huendi shule asubuhi," akasema. "Tunakwenda Kicukiro."

Ofisini kwa watu wa mtandao, dada wa mezani alipokea cheti na kitambulisho, akaandika. Alisema namba itabaki ileile, jina tu ndilo litabadilika.

"Subiri kidogo, binti yangu," mama akamwambia.

Akatoa simu yake. Akabonyeza namba ya malipo ya duka lake mwenyewe kama mteja, akaandika faranga mia moja. Jina la baba likatokea na simu ikamtaka namba ya siri. Hakuiweka. Hakusoma kwa sauti. Alishika tu simu kwa mikono miwili, dada naye akasubiri, kalamu mkononi, mpaka muda ukaisha na kioo kikajifuta chenyewe.

"Haya," mama akasema. "Badilisha."

Jioni hiyo fundi mzee alikuja, akanywa, akabonyeza. Akasoma jina, akasimama, akalisoma tena polepole. Miaka yote hiyo alikuwa akimwita Mama Maziwa.

"Huyu ni nani sasa? Nisije nikamlipa msusi."

Mimi nilikuwa kwenye kiti kilekile. Nilikuwa na jibu zuri la kuchekesha, tena mawili. Nikayameza.

"Ni mimi," mama akasema.

"Kumbe una jina."

"Ninalo. Weka, watu wako kwenye foleni."