Meza Chini ya Roshani

Mtaa ulipofungwa magari yasipite, mama alipata ruhusa ya kuweka meza ya kachori. Afisa alimwonyesha sehemu mbili zilizobaki, kona ya kuelekea kivukoni na chini ya roshani ya kijani, akasema atarudi mchana kuandika jina.

Mimi niliona hapo hakuna cha kuchagua. Kwenye kona kuna kivuli, na watu wakishuka kwenye boti hupita pale na njaa zao. Chini ya roshani jua linapiga mpaka ukutani. Mama Precious, muuza juisi, alisema vilevile, akaongeza kuwa pale kachori zitaiva zenyewe bila jiko.

Mama alicheka, akaliweka karai palepale chini ya roshani.

Ghorofa lile lilikuwa la babu. Mama alizaliwa humo, babu akiuza vitenge chini. Kila jioni kaka yake, mjomba Amirali, aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshanini, mama akakimbia kwa muuza kachori, akakirudisha kimejaa. Mama alipofika umri wangu huu, mjomba aligombana na babu, akaondoka. Hajaandika wala kupiga simu. Babu akafa, nyumba ikauzwa, mama akaolewa, akahamia mtaa wa Igogo, tunakokaa sasa.

Nikamuuliza, "Sasa mjomba akirudi Mwanza, si hatajua tunakaa wapi?"

"Hatajua," mama alisema. "Ndiyo maana nakaa hapa. Mlango mwingine wa kwetu yeye haujui."

Sijawahi hata kumwona huyo mjomba, lakini nilianza kuwatazama wanaume wote wenye mvi waliopita.

Afisa alirudi, akamuuliza mama mara mbili kama ana uhakika, maana kona atapewa mwingine. Mama alimwambia hapahapa. Mchana ule tuliuza kidogo sana. Jasho lilimtiririka, na kila akigeuza kachori aliinua macho kuangalia mwanzo wa mtaa, kisha mwisho wake.

Jua lilipokuwa linashuka, mtoto wa wapangaji wa juu alichungulia roshanini. Akaamkia, "Shikamoo mama," akauliza kama kachori zimebaki. Nikamwambia ashuke. Akasema amekatazwa kushuka mpaka baba yake arudi.

Mama alisimama kwenye jua, akaweka mkono juu ya macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hapo ndani kwenu kuna kamba?"